Waliokimbilia Korongoni

Voi, 3 Februari 2025

Griffin,

Jumanne ya tarehe 14 Januari, jua likielekea kutua, nilimpoteza ndugu yangu wa pekee, Nzau. Hospitali iliandika tarehe 16 kwa sababu alichukua siku mbili kukata roho, lakini mimi nahesabu kuanzia pale korongoni alipoanguka na debe lake mkononi. Watu ishirini na watatu walishuka jioni ile. Kumi na mmoja walilazwa. Mmoja hakurudi. Hesabu hizo ni zangu, sijaziona kwenye karatasi yoyote ya kiwanda chenu.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yangu umeacha kushika. Nimekupigia tangu mazishi. Barua haina kitufe chekundu cha kukata. Atakuletea dereva wa pikapu yangu ya mayai, na nimemwambia asiiache langoni, akupe mkononi.

Usinijibu kama afisa wa usalama wa kiwanda cha klorini. Nijibu kama yule kijana aliyeshuka kutoka baridi ya Werugha na sanduku moja na sweta tatu, akapanga chumba changu pale kijijini Kwa Kiilu, akala kwangu mpaka kiwanda kikampa nyumba. Ni Nzau aliyekufundisha mambo ya ndovu. Wewe ndovu ulikuwa umemwona tu kwenye sarafu ya shilingi ishirini. Alikucheka, na wewe ukamcheka alipokuuliza kama kabichi za kwenu huvaa blanketi.

Narudia mambo unayoyajua ili tusije tukabishana baadaye. Miaka mitatu iliyopita, askari wenu Mbuvi akiwa kwenye mnara aliwaona ndovu wakipanda na korongo. Akabonyeza king'ora cha kiwanda. Ndovu wakageuka. Meneja wenu akafurahi, akapigwa picha na chifu, picha ikatundikwa ofisini. Tangu siku hiyo king'ora kikilia kila mtu Kwa Kiilu anajua kazi yake: shika debe, shika fimbo, shuka korongoni, pangeni mstari, pigeni kelele. Ndovu akishavuka korongo ameshaingia kwenye mashamba ya pojo. Mwaka wa kwanza king'ora chenyewe kilitosha. Ndovu si mjinga, mwaka wa pili akakizoea, ndipo ikabidi watu washuke. Na aliyesimama wa kwanza kwenye mstari, kila mara, alikuwa Nzau.

Sasa niambie. Jioni ile king'ora kililia, watu wakashuka mbio, na ndovu hakuwepo. Hata mavi ya ndovu hayakuonekana kesho yake, nimeuliza nyumba kwa nyumba. Kulikuwa na kitu kama moshi, kijani kinachoelekea manjano, kimelala chini kikinuka jiki ya kufulia. Nani alibonyeza king'ora? Ni Mbuvi? Alikuwa amelewa? Mbuvi ni Mkamba mwenzangu, alibeba jeneza upande wa kichwa, na siku nzima hakuniangalia usoni.

Nataka jina.

Nduku Mwangangi (Mama Koki)


MTEREMKO KEMIKALI
Ofisi ya Meneja
10 Februari 2025

Kwa Bi. Nduku Mwangangi,

KUH: TUKIO LA TAREHE 14 JANUARI

Tumepata kuiona barua yako uliyomwandikia mmoja wa wafanyakazi wetu. Kwa niaba ya kampuni natoa pole kwa familia ya marehemu.

Ningependa kukuhakikishia mambo mawili. Kwanza, uvujaji ulikuwa mdogo na ulidhibitiwa kwa muda mfupi. Pili, king'ora kilifanya kazi kama kilivyokusudiwa. Wafanyakazi wote waliokuwa zamu walifuata maagizo, wakaelekea upande wa juu, na hakuna aliyeumia.

Maagizo kwa majirani yamebandikwa tangu kiwanda kifunguliwe. Yanasema wazi kwamba king'ora kikilia, wakazi wabaki ndani ya nyumba zao na wafunge milango na madirisha. Kampuni haiwezi kuwajibika kwa wakazi walioamua kuelekea bondeni kwa hiari yao.

Kama majirani wema tumetuma unga, mafuta na sukari kwa mjane wa marehemu.

Wako mwaminifu,
Timotheo Katuku
Meneja


Kwa Kiilu, 12 Februari

Mama Koki, shikamoo.

Nisamehe kwanza kuhusu barua yako. Niliisoma mezani, nikaitwa kwenye mitambo, niliporudi haikuwepo. Hii naiandika nyumbani. Tumekatazwa kuzungumzia mambo ya Januari kwenye simu, kwa hivyo si kwamba nakukwepa. Labda nakukwepa kidogo.

Unataka jina. Hakuna jina. Mama, hakuna mtu aliyebonyeza.

Kuna vifaa vinne ukutani, karibu na mahali tunapofungia ile mitungi mikubwa ya klorini. Sisi huviita pua. Kazi ya pua ni kunusa. Pua ikinusa klorini, king'ora kinalia chenyewe, hata kama kiwanda kizima kimelala. Mbuvi ana kitufe chake kule kwenye mnara, ndicho anachotumia kwa ndovu, lakini sauti inayotoka ni ile ile moja. Jioni ile kiungo cha mpira kati ya mtungi na bomba kiliachia wakati wa kubadilisha mtungi. Pua zikanusa. King'ora kikalia. Kilifanya kazi vizuri, meneja hakukudanganya hapo.

Klorini ni nzito kuliko hewa, mara mbili na nusu. Haipandi. Inatafuta mahali pa chini kama maji yanavyotafuta, inaingia kwenye mtaro, inafuata mteremko, inakwenda kulala korongoni. Ndiyo maana sisi wa ndani tulikimbilia juu.

Mbuvi alikuwa langoni watu wakipita na madebe. Alipiga kelele warudi. Madebe yalikuwa yanalia, king'ora kinalia, nao walidhani anawahimiza. Nzau alimpungia mkono. Mbuvi ameniambia hilo, na ndilo linalomfanya asikuangalie.

Mpango wa dharura niliuandika mimi. Tulikaa wiki nzima na mhandisi kutoka Mombasa, tunatafuta hatari moja baada ya nyingine: mtungi, kiungo, bomba, umeme, moto, dereva aliyechoka. Kila hatari tukaiandikia kinga yake. King'ora tulikiandika upande wa kinga. Na wiki hiyo hiyo nilikuwa nakisikia kikiwaita watu korongoni, halafu naamka asubuhi naenda kuandika kwamba kikilia wakazi watabaki ndani. Mambo hayo mawili hayakuwahi kukutana kichwani mwangu.

Pole haitoshi, najua.

Griffin Mwandawiro


Voi, 24 Februari

Griffin,

Nimeisoma barua yako mara tatu, mara ya tatu nikiwa na kalkuleta.

Meneja wako anasema watu wabaki ndani wafunge madirisha. Nimemtuma Koki azunguke Kwa Kiilu yote. Nyumba ni sitini na moja. Zenye dari ni tisa. Zilizobaki zote zina nafasi ya kupitisha mkono kati ya ukuta na mabati, tumeiacha makusudi joto litoke. Nyumba ya Mbinya, mjane wa ndugu yangu, haina dirisha la kufunga hata kama angetaka kuwafurahisha. Kwa hivyo agizo lenu linaokoa nyumba tisa, na moja kati ya hizo ni yako.

Tena hilo agizo. Koki amelitafuta. Limebandikwa ndani ya lango, linatazama kiwanda, kwa Kiingereza. Labda mlikuwa mnawaandikia ndovu waliosoma.

Unga wa Katuku nimewapa kuku. Wameula. Kuku hawana kinyongo.

Sasa sikiliza, maana kulia nimemaliza na nina kazi. Mimi nilianza na kuku kumi na wawili na banda la magunia, leo napeleka mayai mpaka Taveta. Sikufika hapa kwa kuuliza nani mbaya. Niliuliza kuku anakufa kwa nini, nikaziba. Tatizo lenu ni kwamba sauti moja inaita watu na kufukuza watu. Sauti moja haiwezi kufanya kazi mbili. Hapa Voi kuna vipande vya reli ya zamani vimelala bure kwa wauza vyuma. Nitanunua kimoja, nitakileta na pikapu, mtakitundika kwenye mnara wa Mbuvi kama kengele ya shule. Ndovu wakionekana, Mbuvi apige reli. King'ora kiachiwe pua peke yake. Reli ikilia, shukeni. King'ora kikilia, pandeni, kilimani kanisani, mkono wa juu wa upepo, na hakuna kurudi kuchukua kuku wala mtu.

Hata mtoto wa chekechea ataelewa. Mpelekee Katuku. Mwambie ni wazo lake kama hiyo ndiyo itamfanya akubali.

Jambo la mwisho. Mstari umepata mkubwa mpya. Ni Koki wangu. Nimemkataza, akaniambia, "Mama, pojo ya Mjomba nani ataichunga, wewe ukiwa dukani Voi?" Ana miaka ishirini na minne na ana mdomo wangu. Kwa hivyo elewa ninachoomba. Siombi kwa ajili ya Nzau. Nzau tumeshamzika.

Mama Koki


Kwa Kiilu, 25 Aprili

Mama Koki, shikamoo.

Reli inalia vizuri kuliko nilivyotarajia. Mbuvi anaipiga kama ana ugomvi nayo. Meneja alikubali, na kweli amesema ni wazo lake, amelipeleka mpaka kwa wenye kampuni Nairobi. Wacha aitwe mwerevu.

Jumamosi iliyopita tulifanya zoezi. King'ora kikalia, na kijiji kizima kikapanda kilimani. Wazee walilalamika njia nzima. Mzee Mulinge alisema hajapanda kanisani kwa kasi hiyo tangu harusi yake, na siku ile alikuwa anafukuzwa na shemeji. Koki alikuwa wa mwisho, anawahesabu watu mmoja mmoja kama trei za mayai. Nilimwambia ana hesabu zako. Akaniambia nisimtukane.

Kuna jambo moja nakueleza mapema ili usilisikie kwa watu. Wiki hii king'ora kimelia mara tatu bila zoezi. Hakukuwa na hatari. Viungo vyetu vya mpira vimezeeka, vikifunguliwa vinatoa pumzi kidogo, na pua ziko makini, zinanusa hata hiyo. Watu wanapanda, wanakaa saa moja, wanashuka. Wameanza kununa. Mimi nawaambia pua inayonusa sana ni bora kuliko pua yenye mafua. Nimeomba viungo vipya. Nimejibiwa vitakuja na mzigo wa Juni.

Siku hizi nalala. Nilitaka ujue.

Griffin


Voi, 2 Juni

Griffin,

Umenyamaza mwezi mzima na zaidi. Nami nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nahesabu.

Mwezi wa Mei king'ora chenu kililia mara kumi na nne. Mara zote kumi na nne watu walipanda. Ile ya tarehe 15 kililia saa kumi na mbili jioni, na watu wakiwa kilimani reli nayo ikaanza kulia. Mbuvi ameona ndovu. Reli inasema shukeni, king'ora kinasema pandeni. Watu wakabaki kwa kuwa hivyo ndivyo tulivyowafundisha. Walikaa kwenye mawe ya kanisa wakiwatazama ndovu sita wakila mahindi mabichi ya Mbinya mpaka bua la mwisho. Koki anasema Mbinya hakulia. Alikuwa anahesabu mistari ya mahindi, "Sasa wako wa nne. Sasa wako wa tano."

Na klorini haikuwepo. Tena.

Ndiyo maana barazani kwa chifu tarehe 20 watu walikuwa moto. Mimi sikufika, nilikuwa Taveta, lakini nimeelezwa na watu wanne na maelezo yao yanalingana. Koki wangu ndiye alisimama. Alisema, "Bwana Meneja, sisi hatukatai kukimbia. Tunakataa kukimbia bure. King'ora chenu kilie kukiwa na jambo." Watu wakampigia makofi. Katuku akaandika, akasema, "Tumewasikia. Tutashughulikia." Wewe ulikuwa umekaa kando yake. Wote wanne wanasema ulikuwa unaangalia viatu vyako.

Tangu siku hiyo king'ora hakijalia hata mara moja. Kutoka kumi na nne mpaka sufuri. Watu wanafurahi. Wanasema kampuni imekuwa na masikio. Mzee Mulinge amemtumia Katuku jogoo.

Mimi siwezi kufurahia namba ya namna hiyo. Kuku wakitaga trei kumi na nne leo na kesho sufuri, siwapongezi kwa utulivu. Naenda kuangalia banda.

Viungo vipya havijafika, umesema ni mzigo wa Juni. Viungo vya zamani bado vinatoa pumzi. Basi pumzi hiyo inakwenda wapi ambapo pua hazinusi?

Tena kuna hili. Alhamisi iliyopita, tarehe 29, asubuhi, Koki alikuwa kwenye banda langu la kuku pale Kwa Kiilu. Anasema upepo ulileta harufu ya jiki, si kali, lakini ilikuwepo. Kuku wa upande wa chini, unaotazama korongo, walianza kupiga chafya na kunyoosha shingo. Alitoka nje akasikiliza. King'ora kimya. Akampigia Mbuvi. Mbuvi akamwambia, "Hata mimi naisikia kooni. Lakini hakijalia, basi si kitu." Mbuvi, ambaye alimbeba Nzau, anasema hakijalia, basi si kitu.

Kuku saba wamekufa. Nimewahi kukulilia kwa mambo madogo kuliko kuku saba, na leo sitaki kukulilia. Niambie mlifanya nini baada ya lile baraza.

Mama Koki


MTEREMKO KEMIKALI
Idara ya Usalama
6 Juni 2025

Bi. Nduku Mwangangi,

Barua yako ya tarehe 2 Juni imepokelewa.

Kufuatia maoni ya wakazi, mfumo wa tahadhari ulifanyiwa marekebisho ili kupunguza usumbufu. Mfumo umekaguliwa na uko katika hali ya kuridhisha. Tangazo lenye sahihi yangu limebandikwa kwa chifu, dukani na kanisani, kwa Kiswahili kama ulivyopendekeza.

Nakujulisha pia kwamba kuanzia Jumatatu tarehe 16 Juni kiwanda kitafanya kazi zamu mbili kutokana na ongezeko la mahitaji ya dawa ya maji. Mitungi ya ziada itaanza kuwasili siku hiyo. Viungo vipya vinatarajiwa mwezi Agosti.

Asante kwa ushirikiano wako.

G. Mwandawiro
Afisa wa Usalama

N.B. Mama, duka la Voi lina kazi nyingi, si uliwahi kuniambia unazidiwa? Mwite Koki aje akusaidie. Hata kwa miezi miwili hivi. Mwite kabla ya tarehe 16.


Voi, 10 Juni 2025

Griffin,

Karatasi yako niliisoma nikiwa nimesimama, nikafika kwenye zile herufi ndogo za chini, nikakaa.

Juu umeandika kwa taipu kwamba mfumo uko katika hali ya kuridhisha. Chini umeandika kwa mkono nimtoe mwanangu. Karatasi moja, mtu mmoja, wino tofauti. Nimefanya biashara miaka ishirini, na ninajua mtu akiniuzia kuku huku ananong'ona nisimle.

Nilimpigia Koki usiku ule ule. Nilimwambia aje Voi. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia duka lina kazi. Akacheka, akasema, "Mama, tangu lini umeshindwa na duka? Griffin amebandika tangazo, mfumo uko sawa, nimelisoma mwenyewe. Mahindi yanakomaa. Nani atapanga mstari?" Amekuamini wewe kuliko mimi. Ni sahihi yako inayomweka pale. Ukiiandika kwenye ukuta wa kanisa, watu wanalaza vichwa vyao juu yake kama mto.

Nami nitamtoaje? Nimwambie Griffin amesema kwa siri? Sawa, tuseme anatoka. Mbinya naye nimwambie nini? Na wale ishirini na wawili walioshuka na Nzau wakabaki hai, ambao bado wanakohoa? Wote hawana mama mwenye duka Voi. Ulipokuwa unaandika zile herufi ndogo uliwahesabu? Mimi nimewahesabu. Nyumba sitini na moja, watu mia tatu na kumi na wanne. Ukimtoa Koki wanabaki mia tatu na kumi na watatu.

Nimefikiri nikafika mwisho wa kufikiri. Ni hivi tu. Ama zile pua nne bado zimeunganishwa na king'ora, ama mmezikata baada ya baraza ili watu wapate raha na Katuku apate jogoo.

Kama zimeunganishwa, basi kuku wangu walikufa kwa ugonjwa mwingine, nami nitakuomba msamaha mbele ya chifu, kwa mdomo wangu huu, na utanizoea tena. Watu wataendelea kupanda king'ora kikilia na kushuka reli ikilia. Hilo naweza kuishi nalo.

Kama mmezikata, basi king'ora hakitalia tena isipokuwa mtu akione kitu kwa macho na akimbilie kitufe. Klorini itashuka kimya. Na ikishuka jioni ambayo Mbuvi ameona ndovu na reli inalia, watu wetu watashuka kuipokea, na Koki mbele yao, wakijiambia king'ora hakijalia, basi si kitu. Tuliwafundisha sisi wawili, mimi na wewe. Mimi ndiye niliyenunua hiyo reli. Januari walishuka kwa kukosa kujua. Safari hii watashuka kwa sababu wanajua.

Sikuulizi nani aliamuru. Sikuulizi ulitishwa au uliahidiwa nini, wala kama ile nyumba ya kiwanda yenye dari ni yako ama ya kazi. Kazi inatafutwa, mimi nimeuza mayai barabarani, haikuniua. Siulizi viungo vya Agosti. Katuku sitamwandikia, kwa sababu yeye atanijibu kwa ukurasa mzima, na jibu ninalolitaka halijazi hata mstari.

Ijumaa hii, tarehe 13, saa nane mchana, chifu ameitisha baraza pale Kwa Kiilu kupanga mstari wa kulinda mahindi mpaka mavuno. Majina yataandikwa, la Koki likiwa la kwanza. Nitakuwepo, na nitapewa nafasi ya kusema, nimeshamwomba chifu. Nitasimama niwaambie watu waandike majina, ama nitasimama niwaambie wahame mkono wa juu waache mahindi yaliwe, na watanitukana, na nitakubali kutukanwa. Lakini siwezi kuwaambia yote mawili, na siwezi kukisia. Kwa kukisia ndiyo tuko hapa.

Dereva wangu atakuwa nje ya lango lenu Ijumaa kuanzia asubuhi. Ataondoka saa sita kamili. Mpe karatasi, usiweke anwani, usiweke pole, usiniandikie N.B.

Pua zimeunganishwa na king'ora, ndiyo au la?

Nduku Mwangangi